Mashavu ya Fundi Gustave

Wasikilizaji wapendwa, poleni na shughuli za wiki. Leo tunamkumbuka Gustave, fundi cherehani wa Marshalltown hapa Johannesburg, mzaliwa wa Lubumbashi, aliyefariki mwezi uliopita kwa kiharusi. Fundi Gustave. Wengi wenu mmevaa suti zake. Wengi wenu pia mmemsema, na leo sitawafichia.

Miaka miwili iliyopita alikuwa na kitambi cha heshima, kile ambacho watu wa nyumbani wakikiona kwenye picha husema, naam, Joburg imemkubali kijana wetu. Alishona kutwa na usiku, amekaa, soda ya baridi pembeni ya cherehani na magwinya ya moto, yale maandazi ya mafuta, kutoka spaza, kiduka cha jirani. Siku moja kizunguzungu kilimkamata mkasi ukiwa mkononi. Akaenda kliniki. Muuguzi mmoja wa Tanga, Bi Mwatumu, alimpima presha, akampima sukari, na hakumung'unya maneno.

"Baba, usoni wewe bado kijana. Lakini mishipa yako huko ndani imeshakuwa ya babu, na moyo nao unachoka. Vidonge nakupa, ila peke yake havitoshi. Tembea. Lala mapema. Chumvi na sukari punguza. Uzee wa ndani unaweza kuupunguza mwendo."

Maneno yale yalimwingia. Aliacha soda. Fufu akala nusu ya aliyoizoea, sahani akaijaza mboga. Asubuhi akaacha kupanda teksi, akawa anatoka nyumbani Kensington kwa miguu na kuifuata Barabara ya Commissioner mpaka kazini, akisubiri kila robot, taa ya barabarani, kwa adabu kama mtoto wa shule. Cherehani akaifunika jioni, akalala. Miezi ikapita, presha ikashuka. Akapanda ngazi za jengo lao bila kuhema. Mkewe Denise, ambaye kwa heshima tunamwita Mama Denise, anasema alirudia hata kuimba bafuni, jambo aliloliacha tangu ujana. "Baba Chloé," Bi Mwatumu akamwambia, akimwita kwa jina la bintiye, "ndani unarudi ujanani." Mzee mzima akacheka mpaka wagonjwa wakageuka.

Lakini alipungua, wasikilizaji. Alipungua, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Kwetu sisi mwanamume akikonda, basi hana kazi, au amerogwa, au ana ule ugonjwa usiotajwa. Kwamba mtu anaweza kujinyima huku nyama anaimudu, hakuna aliyeamini. Kanisani akaombewa bila kuomba. Wateja wakaanza kumpa kitambaa kwa ncha za vidole. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili halikuwepo. Watu ndio waliolileta.

Ndipo ikaja posa. Chloé, binti yao wa pekee, alikuwa na mchumba wake, Hénock. Wakwe wakaja Kensington kuzungumza mahari, wakiongozwa na baba mdogo wa kijana, Papa Ruphin. Papa Ruphin akala, akanywa, akamtazama Gustave kutoka shingoni mpaka kiunoni. Kisha akafuta mdomo.

"Siye tulikuya kuoa," akasema, "hatukukuya kuzika. Tungoje kwanza tuone afya ya muzee."

Gustave akamweleza yote, kliniki, moyo, matembezi.

"Maneno ya kliniki iko ya kliniki," Papa Ruphin akajibu. "Siye tuko na macho."

Wageni walipoondoka, Chloé alijikaza. "Papa, sharp, usijali. Hénock ananipenda mimi, hapendi tumbo yako." Halafu akajifungia bafuni kulia, na baba yake akamsikia.

Kwanza Gustave alijaribu ufundi wake. Alishonea pamba ndani ya koti, mabegani na tumboni, akaenda nalo kanisani katika jua la Februari. Jasho lilimtoka mpaka shati likaloa. Mama Denise alimvua lile koti kwa huruma na hasira. "Koti inaweza kudanganya batu," akamwambia. "Mashavu utayashonea nini?"

Basi akala. Alikula bila njaa. Soda ikarudi, magwinya yakarudi, nyama ya mafuta ikaliwa saa ya kulala. Kutembea akaacha, asije akapungua tena. Vidonge aliendelea kumeza, akidhani vitaubeba mzigo wote. Bi Mwatumu alipompima alifoka, "Baba Chloé, unajiua!" Naye akamjibu kwa upole, "Niache niozeshe mutoto. Kiisha harusi, nitarudi kutembea."

Harusi ilifana. Papa Ruphin alimkumbatia mbele ya kamera na kupaza sauti, "Sasa huyu njo mukwe!" Ukumbi mzima ukashangilia kitambi. Narudia: ukumbi mzima ulishangilia kitambi. Picha zikafika Lubumbashi siku ileile. Kabla mwezi haujaisha, Gustave alianguka juu ya meza yake ya kukatia nguo, na hakuamka tena.

Pole zangu za dhati nawapa Mama Denise, na Chloé, na Hénock, ambao ndoa yao haina hatia yoyote. Mungu awatie nguvu. Ninyi wengine mniwie radhi, nina uchungu. Nawaomba mtafakari tu. Jirani akitembea asubuhi, mwacheni atembee. Akikataa soda yako, mpe maji. Na akipungua, mwulize mwenyewe habari zake, usiulize watu.

Siku ya maziko, waliobeba jeneza walilitua chini kabla ya kufika kaburini. Walikuwa wanahema. Papa Ruphin alikuwa mmoja wao, mbele kabisa. Akafuta jasho, akasema muzee ni muzito. Mama Denise akasogea karibu. Akamtazama.

"Mulimutaka munene," akasema. "Mumubebe."