Marehemu Pyo Gil-su na Nyimbo Alizozibana

Marehemu Mzee Pyo Gil-su alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kisiwani Jindo, mtoto wa tatu wa wakulima wa vitunguu. Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha ufundi wa redio mjini Mokpo. Mwaka 1974 aliajiriwa kuwa fundi mitambo katika kituo kidogo cha redio, akawa anazunguka vijijini kurekodi nyimbo za akina mama wazee.

Mwaka 1979 alimwoa Seok Yeon-ok, wakajaliwa binti, Eun-suk. Alipenda mzaha. Supu yake ya mwani aliiita "matangazo ya moja kwa moja", kwa kuwa hakuna aliyeomba irudiwe.

Alituagiza tusimpambe. "Lile la nyimbo msiliruke," alisema. Haturuki.

Mwaka 2002 kompyuta ya kituo, zilimohifadhiwa nyimbo hizo, ilijaa. Ili faili ziwe ndogo, marehemu alizibana rekodi zote hadi biti elfu thelathini na mbili tu kwa sekunde, akafuta nakala asili ambazo hazikubanwa.

"Maneno si yanasikika?" alimjibu mwenzake.

Miaka minane baadaye Bi. Maeng Sun-deok alikuja kuisikia sauti ya mama yake, aliyekwisha kufariki. Mkwaruzo wa koo ulikuwa umetoweka. Ngoma ilichakacha kama karatasi.

"Kaka, huyu ni mama kweli? Mbona kama anaimbia ndani ya birika?"

Marehemu alisingizia spika. Akauhifadhi wimbo upya kwa biti mara kumi zaidi. Faili likanenepa, sauti ikabaki ileile. Uso ukamshuka.

"Dada, niliubana mimi. Kilichotupwa hakirudi, hata nikilikuza faili."

Bi. Sun-deok aliondoka bila kugusa chai.

Alipostaafu, marehemu alibisha hodi nyumba kwa nyumba akiomba kanda za zamani.

"Baba Eun-suk, acha sasa," mkewe alimsihi.

"Niache vipi na aibu hii?"

Mwaka 2013 alipata kanda ya harusi, imejaa mivumo, mama yule akiimba. Aliipeleka mwenyewe, akabaki amesimama mlangoni, macho chini. Bi. Sun-deok alisikiliza hadi mwisho.

"Huyu ndiye. Namsikia akivuta pumzi."

Hakusema amemsamehe, wala marehemu hakuthubutu kuuliza.

Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu. Alifariki tarehe 9 Novemba, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, binti, wajukuu wawili, na nyimbo nyingi ambazo kanda zake hakuwahi kuzipata.

Mzee wetu, pumzika kwa amani.