Marehemu Vitus Ligola na Viota vya Nangoto

Baba Paroko, wazazi wetu, ndugu na majirani, mimi Telesphory, mdogo wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha yake, na naomba nisikatizwe, maana katika bonde hili historia ya marehemu haikatizwi na mtu yeyote, awe na cheo gani.

Vitus Kasmiri Ligola alizaliwa Kiberege tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu wa mzee Kasmiri na mama Sikitu, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1979 hadi 1985, sekondari Ifakara hadi 1989, akapata stashahada ya wanyamapori mwaka 1994, na mwaka uliofuata akaajiriwa hapa Ifakara kuhesabu ndege wa majini, kazi ambayo nyumbani tuliifanyia utani sana, tukimuuliza jioni kama ndege wote wameitika majina.

Tarehe 19 Juni 1999 alifunga ndoa na mwalimu Agnella, wakajaliwa Eliza mwaka 2001 na Nickolaus mwaka 2004.

Mwaka 2012 alianza kufuatilia viota vya yangeyange, wale ndege weupe wa majini, kwenye kinamasi cha Nangoto, na msimu huo alihesabu viota 412. Mwaka 2014 kiwanda cha rangi kilifunguliwa jirani, kikaelekeza mtaro wake kinamasini, na kaka akaanza kukuta madini ya risasi ndani ya mayai, maganda yanayopasuka ndege akiatamia, na vifaranga wasioweza kuinua shingo.

Julai 2019 meneja wa kiwanda alimfuata nyumbani kwa adabu zote, akampa shikamoo ingawa wanalingana umri, akaomba kuazima daftari la utafiti, na kaka, ambaye hakujua kumnyima mtu aliyemsalimia vizuri, akampa, wala halikurudi. Tarehe 6 Agosti, kwenye mkutano wa kijiji, meneja huyo huyo alisimama akasema Vitus hana hata ukurasa mmoja wa ushahidi, na kwamba mayai anayavunja mwenyewe kwa kuyashikashika, watu wakacheka, na baada ya wiki saba kaka hakuwa na kazi. Waliocheka nawakumbuka, wengine nawaona hapa.

Mwaka 2023 aliugua figo, akafariki tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi. Madaktari walisema figo ziliharibiwa na shinikizo la damu, nasi hatuongezi neno, kwa sababu marehemu alichukia mtu anayesema asichokipima.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake wawili waliothubutu kuja.

Shada la kiwanda tumelikataa getini, ila meneja mwenyewe tumemkaribisha kiti cha mbele, tena kwa furaha, kwa sababu hajui kwamba kila jioni kaka alimsomea mkewe Agnella hesabu za siku, naye akazinakili kwenye madaftari ya shule, msimu hadi msimu. Geuzeni ratiba za mazishi mlizopewa, hesabu zote zimechapwa nyuma, hadi viota 38 vya mwaka 2019, na jana nakala ilipokelewa mahakamani pamoja na jina la meneja.

Geuza na wewe, meneja, tunakusubiri usome.

Pumzika kwa amani, kaka, na wao wasipate hata lepe la usingizi.