Dervla Slattery, Aliyeandika Kikombe cha Bluu

Wasikilizaji wapendwa, kama birika linachemka huko jikoni, lizimeni kwanza. Mimi ni Concepta Gleeson, wa redio yetu ndogo ya hapa Nenagh, na leo sina haraka. Leo namkumbuka Dervla Slattery. Dervla Slattery, mpiga drams, binti wa Mossie Slattery wa barabara ya Borrisokane. Alifariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka thelathini na minne. Tulimzika Ijumaa.

Nawaambia mapema: nina hasira. Anayetaka kubembelezwa ahamie stesheni nyingine, huko wanapiga nyimbo za harusi mchana kutwa.

Jambo moja mlishike tangu sasa, maana nitalirudia. Ule wimbo wa Kikombe cha Bluu, ambao mmeusikia hapa hapa mara mamia, uliandikwa na Dervla Slattery. Haukuandikwa na Fiachra Tuohy. Uliandikwa na Dervla Slattery.

Alikuwa na miaka kumi na tisa mama yake, Bernadette, alipofariki. Ilikuwa Februari. Kikombe cha marehemu, kile cha bluu, kilibaki kwenye ndoano yake kabatini. Kila asubuhi Mossie alikitoa, akakisuuza, akakifuta, akakirudisha. Hakuna aliyekinywea. Dervla aliyatazama hayo mwezi mzima. Kisha akaenda kwenye banda la ndama, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa kifudifudi, akaandika wimbo wa mume anayesuuza kikombe cha marehemu mkewe, mgongoni mwa karatasi ya mfuko wa chakula cha mifugo.

Dada yake, Grainne, aliniambia hivi: "Alikuja jikoni akatusomea. Baba akainuka. Alitoka nje, na sisi tukamwona dirishani amesimama katikati ya ua, mvua inampiga, kofia kaishika mkononi."

Hilo ndilo banda bendi yao ilikofanyia mazoezi, na ndiyo maana bendi ikaitwa Banda la Ndama. Walikuwa wanne. Dervla kwenye drams, wawili kwenye magitaa, na Fiachra Tuohy akiimba. Walipiga roki ya chinichini, ile ambayo sisi wa redio tulikuwa tunaiogopa. Fiachra alikuwa na sauti, sikatai. Na sura alikuwa nayo, na alijua kuwa anayo. Ndama walizizoea kelele hizo kabla yangu.

Baadaye watu wa kampuni ya muziki ya Dublin wakaja, wakasikia Kikombe cha Bluu, wakataka kurekodi. Wiki mbili zikapita. Dervla yuko kwenye zizi la kukamulia, saa kumi na moja jioni, simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa Fiachra ulisema: "Tumeamua kuendelea na mpiga drams mwingine. Usichukulie vibaya." Miaka sita pamoja, na hakupiga hata simu.

Walikuwa wamebaki ng'ombe kumi na mmoja. Dervla akawakamua wote. Grainne alipomuuliza mbona hakuacha, akajibu, "Ng'ombe wamekosa nini?"

Santuri ikatoka. Kwenye jalada walishukuriwa watu hamsini na kitu. Alishukuriwa kinyozi. Alishukuriwa mbwa wa mpiga besi mpya. Dervla hakutajwa, na chini ya Kikombe cha Bluu paliandikwa: Fiachra Tuohy.

Dervla alimpigia simu. Hakuomba kurudishwa. Alisema, "Weka jina langu kwenye wimbo wa mama yangu. Hilo tu." Fiachra akamjibu, "Dervla bwana, nyimbo zinatoka kwa bendi nzima, wewe unajua." Akakata.

Ila kuiba wimbo hakukumtosha. Huko Dublin waandishi walianza kumuuliza umetoka wapi wimbo mzito namna hii, na asubuhi moja redioni Fiachra, macho chini, sauti ya huzuni, akasema aliuandika siku ambayo mama yake alifariki.

Wasikilizaji wapendwa, mama yake ni Philomena Tuohy. Anakaa mtaa wa pili kutoka hapa. Asubuhi hiyo alikuwa dukani anachagua nyama ya kuchemsha na kabichi.

Watu wa hapa mnawajua. Wakisikia kifo hawaulizi maswali, wanashika mkate na kuanza kutengeneza chakula cha msiba. Jioni ile wanawake watatu wa Cloughjordan, wasiomfahamu Philomena kwa sura, walibisha mlangoni kwake na sinia ya sandwichi na kadi za misa za kumwombea marehemu. Aliyewafungulia ni marehemu mwenyewe. "Karibuni," akawaambia, "lakini nani kafa?"

Siku ya pili Mama Philomena alikwenda kwa miguu hadi kwa akina Slattery. Alisimama jikoni, akakiona kikombe kwenye ndoano, akaelewa kila kitu. "Mume wangu," alisema, "hajasuuza kikombe tangu azaliwe. Nilipaswa kujua." Akalia. Dervla akamwekea chai. Kuanzia siku hiyo wale wawili wakawa kitu kimoja, na mimi ningekuwa Fiachra ningeanza kuogopa.

Dervla hakwenda mahakamani. Alifungua banda. Kila bendi changa isiyo na pa kufanyia mazoezi, ya Roscrea, ya Thurles, ya Limerick, ilikaribishwa. Drams ni zake, chai ni ya Grainne, harufu ni ya ndama. Sharti lilikuwa moja: kabla ya kupiga wimbo, sema kwenye maikrofoni ni nani aliyeuandika. Usiposema, funga gitaa lako uende. Ikawa desturi. Ukienda kusikiliza roki ya chinichini mkoa huu, mwimbaji akisahau, ukumbi mzima unampigia kelele: "Kaandika nani?"

Fiachra hakuyajua hayo. Yeye alikuwa hakanyagi nyumbani.

Akaja Jumapili moja ya Agosti, saa tisa mchana, tamasha uani kwenye baa, bango lenye uso wake kila ukuta. Bendi tatu za banda zilitangulia, na zote zikataja waandishi wao. Nilikuwapo. Dervla alikuwa kasimama kando ya mlango, mikono kaikunja, katulia kabisa. Fiachra akapanda, miwani myeusi, akasema, "Sasa ule mnaoungoja. Kikombe cha Bluu."

Ua mzima: "Kaandika nani?"

Akacheka kidogo. "Niliuandika mimi, wapendwa. Siku ambayo mama yangu—"

"Fiachra!" Mama Philomena alikuwa safu ya mbele, koti lake la kanisani, sandwichi mkononi. "Nimekufa lini, mwanangu? Niambie nijiandae!"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Mwanamume mmoja kando yangu alishindwa kusimama, akashikilia mlingoti wa hema. Wimbo haukupigwa. Nilimgeukia Dervla. Hakuwa anacheka. "Bado hajalitaja," aliniambia.

Alikuwa sahihi. Baada ya wiki tatu Fiachra alisema redioni Dublin kwamba watu walimwelewa vibaya, kwamba aliyefariki alikuwa bibi yake. Jina la Dervla hakulitaja. Miaka minane imepita, hajalitaja.

Na kosa langu nalisema mwenyewe kabla hamjanisema. Miaka yote hiyo niliupiga wimbo ule hapa, na kila mara nilisema "wa kijana wetu Fiachra Tuohy". Nilijua ukweli. Nilisema jina lililokuwa kwenye jalada, kwa sababu ndilo lililokuwa rahisi.

Dervla alipolazwa Limerick, saratani ikiwa imeshammaliza, nilikwenda kumwona. Vidole vilikuwa vinagonga blanketi, mapigo yake yale yale. Padre alikuwa katoka punde tu. "Kaniuliza kama kuna ambaye sijamsamehe," alisema. "Nikamwambia yupo mmoja, Padre, na huyo nitamshughulikia nikifika huko." Kisha akanitazama. "Na wewe, Concepta? Umelisema jina la nani redioni?"

"La Fiachra," nikasema. "Basi unajua la kufanya," akasema.

Alhamisi marehemu alilazwa sebuleni kwao ili watu waje kumuaga. Foleni ilitoka mlangoni, ikapita banda, ikafika barabarani. Familia iliketi kando ya jeneza, na sisi tukapita mmoja mmoja kushikana mikono nao, kama tunavyofanya siku zote. Mkono wa rambirambi haukataliwi hapa kwetu. Hata majirani wanaogombania mpaka wa shamba hushikana mikono siku hiyo.

Mama Philomena alikuwa kaja tangu saa tano kupaka mikate siagi. Mossie alimtoa jikoni. "Acha hiyo mikate, Philomena. Kaa hapa na sisi." Akamketisha kati yake na Grainne.

Saa kumi hivi Fiachra akaingia. Koti jeusi refu. Siku mbili kabla alikuwa kampigia Grainne kuomba auimbe wimbo ule kanisani, na Grainne hakumjibu. Gazetini alikuwa kasema Dervla ni "rafiki aliyetusaidia mwanzoni". Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, watu wawili tu kati yetu. Nilisikia kila neno.

Mossie alisimama. Alikuwa hajainuka kwa yeyote wa kwenye foleni siku nzima. Akaushika mkono wa Fiachra kwa mikono yake miwili, mikono ile ya kukamua, akaubana.

"Pole, Fiachra," alisema. "Pole sana kwa kufiwa na mama."

Fiachra akamgeukia mama yake, midomo wazi. Mama Philomena akamnyooshea mkono kama anavyomnyooshea mgeni.

"Wanasema alikuwa mama mwema," akamwambia. "Pole, kijana. Mpishe anayefuata."

Akapisha. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akalipita banda. Bendi saba zilikuwa zimejipanga pale, na hakuna aliyemzomea. Walimtazama tu mpaka alipofika kwenye gari.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii natoa pole. Pole Mzee Mossie, ambaye asubuhi hii, Grainne ananiambia, amesuuza vikombe viwili. Pole Grainne. Pole Mama Philomena. Poleni vijana wote wa lile banda. Fiachra, wewe pole yako ulishapewa.

Na ninyi mnaonisikiliza, kaeni kidogo na swali moja kabla ya kuwasha birika tena: kuna jina la nani ambalo mnalijua na hamlisemi? Lisemeni leo, mwenyewe angali hai alisikie. Mimi nilichelewa.

Ninao hapa mkanda wa kwanza, uliorekodiwa bandani. Mtasikia ndama, mvua kwenye mabati, kisha vijiti vikigongwa mara nne, na sauti ya msichana akihesabu. Kikombe cha Bluu. Kaandika Dervla Slattery.