Wendell Arbogast, Aliyewapokea Wageni Kinyumenyume

Marehemu Wendell Roy Arbogast alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 katika Wilaya ya Pendleton, West Virginia, mtoto wa pili wa mzee Harlan, mkata mbao, na mama Verna. Alizaliwa njiani, ndani ya gari la jirani. Mama alizoea kusema huyu mtoto hakungoja kufunguliwa mlango.

Alisoma hapohapo wilayani, akamaliza sekondari mwaka 1985. Kila Aprili walimu walimrudisha nyumbani kwa sababu ya harufu ya vitunguu pori, ambavyo kwetu huliwa mpaka jasho linanuka. Alirudi akicheka. Agosti mwaka huo akawa wa kwanza katika ukoo kuingia chuo, Chuo cha Harlow Ridge, na kicheko kikaisha. Wenzake wa bwenini walimwita Kitunguu. Akabadilisha matamshi yake, akaacha kula chochote kilichotoka nyumbani.

Mwaka wa pili alijitolea kuwa balozi wa wanafunzi, wale wanaowapokea vijana wanaofikiria kujiunga na kuwazungusha chuoni pamoja na wazazi wao. Balozi hutembea kinyumenyume, ili awaone wageni usoni anapozungumza nao. Wendell alikuwa hodari, ingawa siku moja aliigonga sanamu ya mwanzilishi wa chuo kwa kisogo, akaiomba radhi.

Tarehe 11 Aprili 1987 walifika Nola Teter na baba yake, watu wa Pendleton. Mzee alinuka vitunguu pori, na wazazi wengine wakajitenga naye. Akauliza watoto wa milimani wanaishije pale. Wendell alijua jibu, maana alikuwa akiliishi. Akamtazama Nola usoni, akajibu kama alivyofundishwa: "Hapa sote ni familia moja." Kwao ni wapi, hakusema.

Nola alijiunga Agosti. Kufika Oktoba alikuwa amechoka kuchekwa. Wendell alimkuta kituo cha basi na sanduku lake.

"Kumbe na wewe ni wa kwetu," Nola alimwambia. "Mama yako kamwambia mama kanisani. Ulinitazama usoni, kaka, ukanificha. Ningejua tupo wawili, ningekaa."

Nola hakurudi chuoni tena.

Wendell alihitimu mwaka 1989, akaajiriwa hapohapo chuoni, ofisi ya kudahili wanafunzi, hadi mwaka 2022. Aliwafundisha mabalozi wote wa miaka hiyo. Aliwataka wamwambie mgeni walikotoka, na jambo moja lililowaumiza pale. Wakubwa wake walimwita mara tatu kumkanya, hakukanyika. Kila Oktoba alimwandikia Nola barua. Hakujibiwa hata moja, na jambo hilo lilimla moyo.

Alifunga ndoa na Faye Hinkle tarehe 12 Juni 1993. Alimtoa bibi harusi kanisani yeye mwenyewe akitembea kinyumenyume, akaangusha maua yote ya mlangoni. Faye hakumsemesha mpaka keki ilipokatwa. Walijaliwa Curtis na Leah.

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alipoona siku zimekaribia, alimwita dada yake Opal amwandikie wasifu. Opal alitaka habari ya Nola iachwe, maana nani anataka aibu ya ndugu yake isomwe mbele ya jeneza? Wakabishana siku mbili, mgonjwa na mzima.

"Usinipambe, Opal," alisema. "Nilishapamba vya kutosha."

Alifariki nyumbani Jumatano tarehe 3 Aprili 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Faye. Watoto wawili, Curtis na Leah. Mjukuu mmoja, June. Na dada yake Opal, anayesoma haya kwa shida.

Bibi Nola Teter alipigiwa simu juzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza mazishi ni saa ngapi, akakata. Hatujui kama amekuja, na miaka imepita mingi, huenda tusimtambue. Tumemwekea kiti mbele, kwenye safu ya familia. Kama yumo humu, tunamwomba asikae nyuma.

Mungu ampumzishe Wendell. Alichokificha kimesemwa.