Sauti ya Baba Mkwe

Saa sita na robo mchana, Machi 1996, muuza kanda aliwasha redio yake ya kaseti ndani ya basi letu la kutoka Tukuyu, na mama mwenye kikapu cha chakula, jirani yake, akajifunika kanga uso mzima.

"Vumbi, mama?" aliuliza yule kijana. Nje mvua ilikuwa inanyesha.

"Anayeimba ni baba mkwe wangu. Kwetu mkamwana haonani na baba mkwe. Zima."

"Mzee Anosisye yumo humu? Kajikunja vipi na gitaa lote lile?" Kisha akatusomea wasifu: miaka ishirini katika bendi ya kiwanda cha chai, kiwanda kikauzwa, bendi ikavunjwa, sasa mzee anatunga peke yake na redio binafsi za Dar zinapiga nyimbo zake. "Nchi nzima inamsikia, isipokuwa nyumbani kwake."

"Inamsikia nusu. Kanda yako haina ubeti wa mwisho."

"Kumbe unamsikiliza!"

"Namsikia. Ukuta wetu ni wa mianzi."

Mama aliomba kushushwa Igogwe, penye hospitali. Mumewe alikuwa amelazwa, na muda wa kuona wagonjwa ulikuwa unaisha saa saba.

Saa saba kasorobo basi lilisimama Igogwe. Mlangoni alisubiri mzee mwenye gitaa mgongoni, aliyetoka kumwona mwanawe. Mama alisimama, akamwona, akaketi tena, kanga usoni.

"Mama, shuka, muda unakwenda," alisema kondakta.

Mzee aliiona kanga. Akageuka, akaitazama migomba kwenye mvua. Mama akashuka na kikapu chake.

Muuza kanda akazima redio.