Redio ya Darasa Yawa Bubu

Pale Nyarugusu, mwaka ule wa kampeni ya kisomo, darasa la watu wazima liliuza pamba likanunua redio: mwalimu wa bei nafuu, asiyekula wala kudai nyumba. Ikawekwa kwenye benchi la Alois muuza kahawa, jirani na ghala walilosomea, wanaume wa kijiweni wailinde. Fisi kukabidhiwa bucha! Alasiri hiyo ikawa bubu. Bujiku, mchimbaji dhahabu mwenye hasira za karibu na chuki kali kwa wezi, alikunywa kahawa huku ameikalia tochi yake, iliyokuwa ikiwaka vizuri ajabu tangu jana.

—Tatizo ni dhahabu, alisema Apolinari, aliyeitwa Profesa kwa sababu aliwahi kufagia ofisi ya mgodi. Sauti inatoka Dar nzima kabisa. Ikifika hapa inavutwa chini. Haba na haba hujaza kibaba.

—Kibaba na redio wapi na wapi? alidakia Makoye, ambaye jina la Breki alipewa kwa kuwa mdomo wake hauna. Wanawake wameimaliza! Wanaisikiliza kwa kukodoa macho, kila siku. Hata ng'ombe ukimkamua hivyo anakauka.

—Kweli kabisa, Bujiku aliunga mkono, upesi mno. Ipumzishwe mpaka mwezi ujao.

—Mwezi ujao?

Mama Limi alikuwa amesimama nyuma yao, daftari kwapani.

—Mtihani keshokutwa, somo la leo ndilo la mwisho! Nimechoka kusomewa na nyie barua za mwanangu. Juzi Breki kasoma eti mtoto anaomba nimchinjie Breki jogoo!

—Iliandikwa kwa mkato, Mama Limi.

—Mkato wa shingo ya jogoo wangu!

Akaigeuza redio, akafungua mgongo wake, akamwaga betri benchini. Nne. Zote zimevuja, zimeota kutu.

—Juzi nimetia mpya kwa mkono wangu. Hizi kuukuu zimeingiaje?

Alois akainamisha birika, tupu. Profesa akajifunga kabuti, na jua lote lile. Breki akapata breki.

Bujiku alizikodolea betri. Mbili alizijua, ni zake. Na hizi nyingine? Damu ikamchemka. Watu gani hawa, kuliibia darasa la akina mama! Akaruka juu, tochi ikabingirika mpaka miguuni pa Mama Limi.

—Mimi nimebadilisha mbili tu! alifoka. Hizi mbili nyingine, mwizi nani?