Maziwa ya Thadeus Nzomo Yaliyokataa Kuganda

Ndugu, majirani na wakwe mliofika hapa Kaloleni, Voi, aliyelala mbele yetu ni Thadeus Nzomo, aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 1934 huko Werugha, akasoma mpaka darasa la nne, akaachia hapo, kwa kuwa alibishana na kila mwalimu na walimu walichoka kabla yake.

Mwaka 1961 aliandikwa kazi ya kukamua katika ranchi moja ya Ndara, na kwa mshahara wake akanunua ng'ombe wa gredi, yaani chotara wa kizungu, ambaye alimsifu kuliko watu wengi wanavyowasifu wake zao.

Mwezi Agosti 1965 alikwenda kumposa Wakesho, na kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile, alibeba kibuyu cha maziwa ya mgando ya ng'ombe wake mwenyewe, lakini kibuyu kilipofunguliwa mbele ya wazee yalimwagika maji yenye vipande vyepesi, na Mzee Zephaniah, baba ya binti, akasema, "Kijana, kama ulitaka kuninywesha mto Voi, ungeniambia nije na kata," watu wakacheka, posa ikarudishwa.

Rafiki zake walimshauri apeleke maziwa ya ng'ombe mwingine, yaishe, naye akakataa katakata, maana kufanya hivyo kungekuwa kukubali kwamba alitia maji, na Wakesho angeolewa na mwongo. Badala yake alimswaga ng'ombe mwenyewe kutoka Ndara, akampandisha milima mpaka uani kwa mkwe, mama ya Wakesho akamkamua kwa mikono yake, na maziwa yakakataa kuganda vilevile.

Ng'ombe aliachwa pale, akala majani mabichi na maganda ya ndizi, na mvua za vuli zilipokolea maziwa yakawa mazito kidogo, ingawa hayakuyafikia ya ng'ombe wa kienyeji waliokula naye. Bwana mifugo alipopita akaeleza kwamba kinachogandisha ni protini, na sehemu yake ng'ombe huirithi kwa wazazi wake, sehemu hutokana na malisho. Neno protini halikuwa la nyumba ile, lakini Mzee Zephaniah alielewa kwamba amemtukana mtu asiye na kosa, akainuka akamshika mkono mbele ya wale wale waliocheka.

Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1965, wakajaliwa Mable na Stephen. Thadeus alistaafu mwaka 1981, akaanza kuugua figo mwaka 1984, na akafariki hapa Voi asubuhi ya tarehe 9 Julai 1986, Wakesho akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, maana hakuwa mgonjwa mwepesi, majirani waliopika na kuchota maji, na wenzake wa ranchi waliochimba kaburi.

Thadeus, pumzika, hakuna aliyebaki wa kukushuku.